Bomu Halijui Suluhu



Wapenzi wasomaji, Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuondoa chenye kudhuru njiani ni katika matawi ya imani. Tusikiapo hayo hufikiri mwiba, jiwe au kigae cha chupa. Leo na tuitazame njia ya baharini.

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka mwaka 1939, Wajerumani walitega mabomu katika bahari ya Uingereza, nchi iliyopokea chakula chake kingi kwa meli. Kazi ya kuyaondoa ikawaangukia zaidi wavuvi. Makao ya kikosi chao yalikuwa mji wa Lowestoft, na vyombo vyao vingi vilikuwa meli zilezile za kukokotea nyavu. Badala ya nyavu, sasa walikokota waya wa chuma wenye vikatio. Waya ulipokata mnyororo ulioshikilia bomu, bomu liliibuka, nao wakalipiga risasi kwa mbali.

Likaja bomu la sumaku, lililolala chini kabisa na kulipuka chuma cha meli kilipopita juu yake. Novemba 1939 moja lilikutwa ufukweni Shoeburyness. Mafundi wakalifungua, siri yake ikajulikana. Ndipo meli zikaenda mbili mbili, zikikokota nyaya za umeme ili lilipukie nyuma yao.

Vita vilikwisha mwaka 1945, lakini kazi haikwisha. Wafalme hutia saini, bomu halijui suluhu. Hubaki palepale likimngoja apitaye. Ilibidi bahari iendelee kusafishwa.

Pale Lowestoft umesimama mnara wenye majina 2,385 ya watu wa kikosi hicho, wasio na kaburi ila bahari. Wake na mama zao hawakupata hata mchanga wa kuzuru.

Ndugu zangu, nyumbani nako hutegwa. Mume na mke hugombana, kisha hupatana, wakala pamoja. Lakini neno la kuvunja heshima lililosemwa mbele ya watoto lingali chini ya maji, na pengine atakayelikanyaga ni mtoto, miaka mingi baadaye. Basi tusitosheke na ukimya baada ya ugomvi. Tulirudie neno lenyewe, tuombane radhi kwalo, na waliolisikia watusikie pia tukilifuta.