Nchi Iliyoendelea ni Ipi?



Katika midahalo yetu hakosi mtu wa kusimama na kusema, "Jirani zetu wa Kenya wametushinda, wao ni nchi ya kipato cha kati." Wengine hupiga makofi, wengine huinama kwa haya. Mimi naona yafaa kwanza tuulize: kipimo hicho chapima nini?

Benki ya Dunia hugawa nchi katika mafungu manne kwa kutazama pato la wastani la kila mtu kwa mwaka. Ni kipimo chepesi, lakini hakisemi yote. Mwaka 2014 serikali ya Kenya ilihesabu upya uchumi wake, ikatia na kazi ambazo zamani hazikuhesabiwa sawasawa. Pato la nchi likaonekana limezidi kwa kadiri ya robo, na Kenya ikavuka mpaka wa kipato cha kati. Hesabu ilikuwa ya haki. Lakini muuza mboga wa Kisumu aliamka na fedha zile zile alizolala nazo.

Umoja wa Mataifa nao wana orodha ya nchi zilizo nyuma kabisa, iliyoanza mwaka 1971, na Uganda yetu imo tangu hapo. Hutazamwa mambo matatu: pato, afya na elimu ya watu, na jinsi uchumi unavyoweza kuyumba. Kwa kawaida nchi hutoka ikifaulu mawili. Guinea ya Ikweta ilitoka mwaka 2017 kwa pato peke yake, kwa sababu ya mafuta ya baharini. Katika afya na elimu ilikuwa haijafikia kiwango. Fedha zilitangulia, watoto wakabaki nyuma.

Kwa hiyo napenda zaidi kipimo kilichotolewa mwaka 1990 na Mahbub ul Haq wa Pakistan. Yeye aliunganisha umri ambao watu hutazamiwa kuishi, elimu yao, na pato. Hata hivyo nacho ni wastani, na wastani huficha mengi. Mmoja akila kuku wawili na mwenziwe akilala njaa, hesabu yasema kila mtu amekula kuku mmoja.

Basi, wenzangu, mdahalo ujao tusiulize fedha tu. Tuulize pia watoto wangapi hufa kabla ya kutimiza miaka 5, wasichana wangapi humaliza shule, na maji safi yako mwendo gani kutoka nyumbani. Sisi ndio tutakaokuwa makarani, waalimu na wabunge wa kesho. Tukizoea kupima fedha peke yake, zahanati na shule zitangoja sana. Wazee walisema kweli: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Ni mimi mwenzenu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne