Staa Anakula Bata, Vijana Wake Hawajalipwa: Hiyo "Familia" Gani?

Staa akiposti ndinga mpya, mashabiki wanajaza emoji za moto. Kijana aliyepiga ile picha na kuipandisha Instagram ana mwezi wa pili hajaona mshahara. Akiuliza, anajibiwa: "Vumilia mdogo wangu, sisi ni familia." Au anaambiwa eti si anapata jina? Jina halilipi kodi ya chumba Sinza.

Madansa, wapiga picha, wadada wa saluni za watu maarufu, wengi yanawakuta. Wananyamaza kwa sababu hawana mkataba wa maandishi, na wanaogopa kuonekana wana njaa.

Sasa hilo la mkataba ndilo linalowapoteza. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ndiye ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, mshahara ukiwemo. Shauri likifika mbele na hana hayo maandishi, mzigo wa kuthibitisha walikubaliana nini unamwangukia yeye. Na kama ratiba anapanga bosi na kamera ni ya bosi, kusema "alikuwa ananisaidia tu" hakutoshi. Kwa hiyo zile meseji za WhatsApp na miamala ya simu, usifute kwa hasira.

Kuna na hii ya makato. Kamera imeanguka, mshahara wote umeliwa. Thubutu! Lazima kosa liwe la mfanyakazi, aandikiwe hasara ni kiasi gani, apewe nafasi ya kubisha, na makato yasizidi robo ya mshahara.

Pa kwenda ni CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kufungua shauri ni bure. Ila saa inatembea: anayedai mshahara ana siku 60 tangu mgogoro ulipoanza, na anayepinga kufukuzwa ana 30 tu. Ukichelewa, unaanza kwanza kuomba usikilizwe nje ya muda. Hapo ndipo "vumilia" ya bosi inapokuwa na sumu, maana kila wiki ya kubembelezwa inakula siku zako, zake hapana.

Cha kuchekesha, staa huyohuyo hapandi jukwaani mpaka advansi iingie. Promota ajaribu kumwambia "vumilia, sisi ni familia" aone kama kuna shoo.