Trekta Halifi kwa Klachi

Miongoni mwa maradhi yanayoyalaza matrekta yetu kabla ya umri wao kwisha, klachi imo katika safu ya mbele. Tunaliandika jambo hili tukizitazama Handeni na Korogwe, wilaya za Mkoa wa Tanga ambazo mavuno yake hayawahusu wenyeji wake peke yao. Mahindi yakiadimika huko, bei hupanda Tanga mjini, na ikipanda Tanga haichelewi kuvuka bahari. Basi mwananchi wa Visiwani asiyaone maneno haya kuwa ni ya bara, wala mtumishi wa Serikali asiyaone kuwa ni ya fundi.

Klachi ni kiungo baina ya injini na gia. Ndani yake imo sahani iliyovikwa utando wa msuguano, nayo hubanwa kwa springi kwenye gurudumu zito la injini. Utando huo ukichakaa, injini huvuma na jembe lisivute. Katika matrekta mengi ya zamani yaliyozoeleka nchini, kama vile Massey Ferguson 135 ambalo lilianza kutengenezwa mwaka 1964, mara nyingi klachi huwa ni mbili katika moja. Pedali ikikanyagwa nusu, magurudumu hukatiwa nguvu. Ikikanyagwa hadi chini, husimama pia mhimili wa nyuma unaozungusha mashine, kama ile ya kupukuchulia mahindi.

Kuifikia klachi hiyo hakuna budi trekta likatwe kiuno: injini itengwe na sanduku la gia, na kila upande uegemezwe imara usije ukamwangukia mtu. Hii ni kazi nzito, lakini si muujiza wala haihitaji kiwanda. Hata hivyo, si ajabu kuona trekta limeegeshwa chini ya mwembe, majani yameota baina ya magurudumu yake, nalo limeandikwa katika vitabu kuwa ni bovu. Pengine halikuhitaji hata kukatwa kiuno, bali kurekebishiwa uhuru wa pedali tu. Ni wajibu wa anayetia saini ya kuliacha trekta kuuliza kwanza: ni nani aliyelipima, na alipima nini?

Kosa la pili ni matengenezo ya nusu nusu. Sahani mpya hununuliwa, ikafungwa juu ya gurudumu lenye nyufa, au pembeni ya sili inayovujisha mafuta. Sahani ikishalowa mafuta huteleza, na baada ya muda mfupi trekta hurudi pale pale chini ya mwembe. Huko ni kuteka maji kwa pakacha. Klachi ikifunguliwa, na ikaguliwe yote: sahani, bamba la kubana, beringi, sili za injini na za sanduku la gia, na uso wa gurudumu. Tena fundi asipulize vumbi lililomo, kwani sahani nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi, ambayo vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Alifute kwa kitambaa kilicholowa maji.

Historia ya nchi yetu imekwisha kutufunza. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Waliyaleta matrekta yaliyokwisha kutumika, na kabla mwaka 1947 haujamalizika, thuluthi mbili ya yale ya mwanzo yalikuwa hayafanyi kazi. Fedha hazikukosekana, kilichopungua ni karakana, vipuri na mafundi wa kutosha. Mwaka 1951 mpango huo uliachwa.

Sisi nasi tumejaribu kuunganisha matrekta wenyewe. Katika miaka ya 1980 yaliunganishwa Kibaha matrekta ya Valmet ya Finland. Mwaka 2015 ukatiwa saini mkataba na kampuni ya Ursus ya Poland wa matrekta 2,400, nayo pia yakaunganishwa Kibaha. Mwaka 2021 Ursus ilitangazwa kuwa imefilisika. Hatusemi hayo kwa kulaumu juhudi hizo. Tunasema kwamba kiwanda cha ng'ambo kinaweza kufa, na trekta likabaki shambani kwetu likimsubiri fundi wetu. Ujuzi wa kulifufua usipokuwa mikononi mwetu, tutakuwa tumenunua chuma tu.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa viongozi wa Handeni na Korogwe, na kwa wenzao wa Visiwani ambako matrekta ya Serikali hulima mabonde ya mpunga kama Cheju na Kibokwa. Kwanza, kila trekta la umma liwe na daftari la saa za kazi, mafuta na matengenezo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Pili, fungu la vipuri litengwe na klachi zikaguliwe wakati wa kiangazi, si vuli inapokwisha kunyesha na mkulima ameshika mbegu mkononi. Tatu, vyuo vya ufundi viwafundishe vijana kwa kuwafungulia matrekta yale yale yaliyolala, wala si kwa michoro ya ubaoni peke yake. Nne, dereva anayelaza mguu juu ya pedali mchana kutwa aelezwe wazi kwamba anaunguza mali ya umma.

Trekta la umma ni amana, na mwenye amana huulizwa. Ni rahisi kwa ofisi kuomba trekta jipya, kwani jipya huzinduliwa kwa ngoma na hotuba. Klachi iliyotengenezwa vizuri haina sherehe. Lakini mkulima wa Handeni hali sherehe. Yeye anataka shamba lake lilimwe kabla mvua haijampita, na huo ndio mtihani ambao kila kiongozi wa kilimo anapaswa kupimwa nao.