Mfano wa njia ya faili usimpoteze anayeanza

Na Neema Laizer

Mwanafunzi wa Lemara anayefungua mwongozo wa Linux kwa mara ya kwanza hukutana na /path/to/file, au /foo/bar. Mfano wa kwanza ni Kiingereza cha "njia ya kwenda kwenye faili". Wa pili hauna maana yoyote, ni mazoea ya waandika programu. Aliyebobea hujua kwamba hapo anatakiwa kuweka jina lake mwenyewe. Anayeanza huandika vilevile alivyoona, kompyuta humjibu kwamba hakuna faili wala folda ya jina hilo, naye hudhani kwamba hana akili ya kompyuta. Kosa ni la aliyechagua mfano.

Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tuna nafasi ambayo Mwingereza hana. Tazama /home/asha/barua/ada.txt. Neno home ni la mfumo, haliguswi. Asha, barua na ada ni vya mtumiaji, vinabadilika. Lugha yenyewe imechora mpaka, bila maelezo ya ziada. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Juhudi ya namna hiyo inastahili kufika hadi kwenye mifano ya miongozo. Ila si kila neno letu linafaa. Mfugaji wa Meru angeita folda yake ng'ombe, na kwenye dirisha la amri la Linux ile ritifaa hufungua nukuu, kompyuta ikakaa kimya ikisubiri nukuu ya pili. Barua za shule, zikiandikwa kwa nafasi, husomwa kama vitu vitatu. Tena Linux huhesabu Barua na barua kuwa folda mbili, wakati Windows kwa kawaida huziona moja. Kwa hiyo mfano wa mwanzo uwe mifugo, kwa herufi ndogo. Ng'ombe aje baadaye, katika somo lake, akiwa ndani ya alama za nukuu mbilimbili.

Wapo watakaosema foo imeenea duniani na mwanafunzi ataikuta tu. Ataikuta, na ataielewa akiwa ameshajua njia ya faili ni nini. Hoja nzito zaidi ni kwamba jina linaloonekana la kweli hunakiliwa bila kufikiri. Kwa amri ya kusoma faili, hasara ni ndogo. Kwa amri ya kufuta nakubali kabisa: itumike folda ambayo somo lenyewe limeiunda, kama /home/asha/jaribio. Waliopanga majina ya intaneti waliliona hilo mwaka 1999 walipotenga example.com kwa ajili ya mifano, isije ikaangukia anwani ya mtu. Na Asha abaki Asha hadi ukurasa wa mwisho, folda yake ya barua isigeuke nyaraka katikati ya sura, maana msomaji atatafuta sababu ya badiliko hilo na hataipata.