Papa Wemba Hakuazima Wimbo Hollywood

Ukiitaja La Vie est Belle mjini Bukavu, iwe Ibanda au Kadutu, hukosi mtu wa kukujibu kuwa hiyo ni Hollywood iliyopakwa rangi ya Kinshasa. Filamu hiyo ya 1987, iliyoongozwa na Ngangura Mweze pamoja na Benoît Lamy, imekwisha kuhukumiwa na wengi ambao wanachokumbuka ni wimbo wake tu. Madai yao yanafaa kujibiwa moja moja, maana si yote ya kupuuza.

La kwanza ni kwamba kisa kimenakiliwa. Kuru, anayeigizwa na Papa Wemba, ni kijana maskini kutoka kijijini anayeingia Kinshasa akitaka kuwa mwanamuziki. Anapata kazi ya uboyi kwa Nvouandou, mwenye klabu ya usiku, na bwana na boyi wake wanamtaka msichana mmoja, Kabibi. Mwisho maskini anapanda jukwaani. Kweli, Wamarekani wanazo hadithi tele za namna hiyo. Lakini Hollywood yenyewe haijawahi kuona haya kurudia mambo. A Star Is Born ya 1937 ilitengenezwa tena 1954, 1976 na 2018. High Society ya 1956 ni The Philadelphia Story ya 1940 iliyotiwa nyimbo za Cole Porter. Hata ule wimbo ambao Bing Crosby na Frank Sinatra wanautania pamoja kwenye karamu ulikuwa umeshaimbwa kwenye jukwaa la New York tangu 1939. Tukianza kuwasaka wezi, tutaanzia huko.

Lenye faida zaidi ni kuuliza nani anaimba, na ana nafasi gani katika kisa. High Society inafunguka kwa Louis Armstrong na bendi yake ndani ya basi, akisimulia kwa wimbo habari za matajiri wa Newport. Yeye ndiye anayeifungua filamu na ndiye anayeifunga, na katikati anapuliza tarumbeta huku Crosby akiimba. Kwa masikio yangu hakuna anayemfikia. Lakini humo hana mchumba wala shida yake mwenyewe. Mapenzi yote ni ya Grace Kelly na wanaume wanaomzunguka. (Miaka minne baadaye, Oktoba 1960, Armstrong huyo huyo alitua Léopoldville, Kinshasa ya leo, na watu wakambeba kitini kama mfalme. Kwenye filamu hakuna aliyembeba.) La Vie est Belle imempa kisa kizima mtu wa mlango wa nyuma. Anayeimba ndiye anayependa na ndiye anayedharauliwa. Ukiita hilo kunakili, basi waongozaji wamekosea kunakili, na heri walivyokosea.

Dai la pili limekaa vizuri zaidi: kwamba kisa ni kamba tu ya kuanikia nyimbo ili kaseti ziuzwe. Papa Wemba alikuwa nyota tayari, mmoja wa waanzilishi wa bendi ya Zaïko Langa Langa mwaka 1969, kisha mwenye Viva la Musica tangu 1977. Pepe Kalle na Tshala Muana nao wamo katika shughuli hiyo. Sikatai kwamba kaseti ziliuzwa. Lakini jaribu kuziondoa nyimbo uone kinachobaki. Kuru hana fedha, hana ukoo wenye nguvu mjini, hana hata uhodari wa kusema. Sauti ndiyo mali yake pekee. Nvouandou ana klabu na ana mke. Alichopungukiwa ni nguvu za kiume, na mganga amemshauri aoe bikira. Kila Kuru anapoimba, cheo cha bwana na boyi kinapinduka kwa dakika chache, halafu wimbo unakwisha na kila mtu anarudi mahali pake. Mara ya mwisho wimbo unakwisha na hakuna anayerudi. Kisa chenyewe ndicho hicho. Tena mfikirie mwimbaji: mfalme wa sape, ule mtindo wa kuvaa kifahari, mtu ambaye vijana walimwiga hadi viatu, amekubali kuonekana fukara filamu nzima. Biashara ya kaseti haikumdai hilo.

Wengine husema ni filamu ya Mbelgiji. Lamy aliiongoza pamoja na Mweze, na fedha za Ulaya zimo. Ila tazama Mweze alifanya nini peke yake. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuitengenezea Kinshasa filamu ya hali halisi, Kin Kiesse. Baadaye akaja na Pièces d'identités, iliyotwaa tuzo kuu ya tamasha la filamu la FESPACO mwaka 1999, kisha Les Habits neufs du gouverneur, ambayo ni hadithi ya Andersen ya mfalme na nguo zake mpya iliyofanywa filamu ya nyimbo. Muziki ulimfuata yeye.

Kwamba ni kicheko cha bure wakati nchi ilikuwa chini ya Mobutu? Mweze aliwahi kuandika insha akiuliza kama sinema ya Afrika iwe ya mapambano au ya burudani, akatetea haki ya mtazamaji kufurahi. Na kicheko chake kina anwani. Chini ya chama kimoja, anachekwa bwana mkubwa aliyeishiwa nguvu, huku walio chini wakiishi kwa kile walichokiita Kifungu cha 15: jitegemee, ujue mwenyewe.

Kuhusu dai kwamba filamu hii si yetu sisi wa Bukavu, nitasema kidogo. Mweze alizaliwa Bukavu mwaka 1950, na mwaka 1994 alirudi Ngweshe kuwapiga picha Bashi katika Le Roi, la vache et le bananier. Kuzaliwa hapa hakuifanyi filamu ya Kinshasa kuwa ya Bukavu. Lakini kisa cha mtu wa mbali anayeingia Kinshasa bila mwenyeji, hicho mtu wa Kivu hahitaji kuelezwa.

Limebaki dai kwamba filamu inazungumza Kifaransa, na hapo nakubali. Wahusika wanatongozana na kudanganyana kwa lugha ambayo mitaa ya Matonge, Kinshasa, haiitumii kwa kazi hiyo, na mara kadhaa utani unachelewa kwa sababu hiyo. Papa Wemba mwenyewe anasema maneno yake kama aliyeyakariri asubuhi. Muziki ukianza Kilingala kinarudi, na kijana yule aliyekuwa akijikwaa kwenye sentensi hajikwai tena.