Tuma nauli ya boda kabla ya sweta

Wengi wetu tuliokuja Nairobi tumeacha mtoto ushago, Mwingi, Mutomo, Kibwezi ama Wote, analelewa na susu, yaani nyanya yake. Akiambiwa mtoto ana kifua, jibu letu ni moja: mfunike, amepigwa na baridi. Halafu tunatuma sweta.

Tuambiane ukweli. Nimonia kali inaweza kuletwa na bakteria, na mmoja hatari sana ni nimokokasi, anayeruka kwa kikohozi na chafya. Huyo huyo huleta homa ya uti wa mgongo. (Moshi wa mafiga nao huumiza mapafu, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.)

Chanjo yake iko Kenya tangu 2011, bure kwenye vituo vya serikali, wiki ya 6, 10 na 14. Kilifi, ugonjwa mkali wa aina za nimokokasi zilizomo kwenye chanjo ulipungua kwa zaidi ya asilimia 90 kwa watoto chini ya miaka 5.

Lakini zahanati ni mbali, na susu ana mbuzi na foleni ya maji. Sisi tunaoshinda kwa simu, tumewahi kumwambia apige picha kijitabu cha kliniki tuone kama dozi ya tatu ilidungwa?

Mtoto akikohoa, ahesabiwe pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Miezi 2 hadi 11, zikifika 50. Mwaka 1 hadi 5, zikifika 40. Ama kifua kikibonyea ndani akivuta pumzi, asingoje asubuhi. Hapo ndipo M-Pesa yako inahitajika.