Swali la "Kwenu Wapi" Tuliache

Nenda mtaa wa Nyagacho hapa Kericho utafute chumba. Kabla hata mjadili kodi utaulizwa, "Kwenu ni wapi?" Ukijibu "hapa" na jina lako si la Kikipsigis, swali linarudi: "La, kwenu kwenu."

Sasa sikia hii. Baba Puran Singh, fundi Kalasinga, aliishi Kericho kabla ya kuhamia Uingereza. Alifariki 1983, lakini hadi leo wafuasi wake kule Birmingham humwita "Kericho Wale", yaani wa Kericho. Ile gurdwara kubwa mjini, unakokula bure, ni kwa kumbukumbu yake. Aliyeondoka ni wa Kericho, ila mtoto wa mchunaji chai, aliyezaliwa kambini na kusomea hapa, bado ni "wa kuja"!

Uhamiaji huu si habari mpya. Profesa Simeon Ominde, mwanajiografia (ndiyo, yule wa Tume ya Elimu ya 1964), alichapisha mwaka wa 1968 kitabu kizima kuhusu ardhi na jinsi Wakenya wanavyohama, akichambua takwimu za sensa.

Mbona nayaleta leo? Mashine. Mei 2023 waandamanaji walichoma mashine za kuchuna majanichai hapa, na mtu akauawa. Hasira naielewa. Lakini nyumba ya kambini ni ya kampuni: kazi ikiisha, unatoka na sufuria zako. Kuna ambao hawana shamba la kurudia Nyamira wala Kakamega, babu alishaliacha. Wataenda wapi kama si Nyagacho, au vituo vya Konoin kule Bomet? Na kazi zikipungua, lile swali la "kwenu" linageuka panga. Baada ya uchaguzi wa 2007 wafanyakazi wa makabila mengine walivamiwa ndani ya mashamba haya haya. Wengine waliuawa.

Najua utaniambia ardhi hii Wakipsigis walipokonywa na mkoloni. Kweli kabisa, na deni hilo halijalipwa. Lakini si mchunaji aliyeichukua.

Tuna Chuo Kikuu cha Kabianga karibu. Wahadhiri wa jiografia, tumeni wanafunzi mitaani na vituoni wahesabu: nani ametoka kambini, analala wapi, watoto wake wanasoma wapi. Ramani hiyo ifike mezani kwa magavana wa Kericho na Bomet kabla kampeni za 2027 hazijapamba moto.